Sanduku la Kuoshea Dhahabu

Tangu dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega mwaka 1931, wengi wameiosha kwa karai tu, kazi iumizayo mgongo. Mwenyeji wa huko akaaye Ziwani, Nairobi, akiwa na msumeno na nyundo, aweza kutengeneza sanduku lililo bora na kulipeleka kwao.

Atwae ubao wa futi 4, upana inchi 10, augongomee kuta mbili, ncha zikiachwa wazi. Ndani atandike gunia, na juu yake vijiti vya kukingama. Vijiti visigongomewe, bali vibanwe kwa kabari, ili jioni gunia litolewe na kufuliwa ndani ya karai. Sanduku liinamishwe inchi 1 kwa kila futi. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga haufiki mara 3; basi mchanga huchukuliwa, dhahabu hunaswa.

Kulijaribu hakuhitaji machimbo: vipande 20 vya risasi vichanganywe na mchanga, vioshwe, vihesabiwe. Vikipungua, mwinamo umezidi.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yataka mchimbaji awe na kibali. Zebaki isichomwe nyumbani kamwe: mvuke wake hauna harufu, nao huharibu ubongo, hasa wa mtoto.