Panya wa Madeira na Kromosomu Zilizoungana

Panya mdogo wa nyumbani, ambaye wataalamu humwita Mus musculus, kwa kawaida ana kromosomu 40 katika kila seli ya mwili: jozi 19 za kawaida na jozi moja ya kuamua jinsia. Zote zina umbo la fimbo, na sentromea, yaani pale zinaposhikwa na nyuzi za seli wakati wa kugawanyika, iko nchani. Hata hivyo, katika Ulaya ya magharibi na Afrika Kaskazini wapo panya wenye kromosomu 38, 30, 26 na hata 22. Kwa kuwatazama tu, huwezi kuwatofautisha na wenzao.

Habari hii ilianzia bonde la Poschiavo, nchini Uswisi. Mwaka 1869 Victor Fatio, mtaalamu wa wanyama, aliandika juu ya panya wa rangi nyeusi waliopatikana katika kiwanda cha tumbaku bondeni humo, akawahesabu kuwa spishi ya peke yake. Takriban karne moja baadaye, Mjerumani Alfred Gropp na wenzake walizichunguza seli za panya wa huko wakakuta kromosomu 26. Lakini hakuna kilichopotea. Namba 1 ilikuwa imeshikamana na namba 3, namba 4 na 6, namba 16 na 17, hivyo hivyo hadi zikapatikana jozi saba kubwa, kila kromosomu ikiwa na mikono miwili na sentromea katikati.

Muungano wa aina hii huitwa wa Robertson, kwa jina la Mmarekani aliyeueleza mwaka 1916 baada ya kuchunguza panzi. Kromosomu mbili hukatika kwenye sentromea, kisha mikono yao mirefu huungana. Kwa kuwa jeni karibu zote hubaki, panya huishi na afya yake.

Taabu huja wakati wa kuzaa. Gropp alipowapandisha panya wa Poschiavo na panya wa maabara, chotara walizaliwa na kromosomu 33. Seli zao zinapotengeneza mayai au mbegu za kiume, kila kromosomu kubwa hulazimika kujipanga na mbili ndogo zinazolingana na mikono yake. Mara nyingi hizo tatu huachana vizuri. Wakati mwingine ndogo moja huenda upande usio wake, na mimba inayotungwa huwa na kromosomu iliyozidi au iliyopungua. Nyingi za mimba hizo huharibika. Hali huwa mbaya zaidi wazazi wote wawili wanapokuwa na miungano, ila isiyofanana: kwa mmoja namba 1 imeungana na 3, kwa mwingine namba 1 imeungana na nyingine kabisa. Hapo kromosomu hushikana mnyororo mrefu, na chotara anaweza kuwa tasa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kisiwa cha Madeira, katika Bahari ya Atlantiki. Wareno walianza kuishi huko mwanzoni mwa karne ya 15, na panya hawakuvuka bahari ila kwa vyombo vya watu. Kisiwa kina milima mikali na mabonde membamba yanayotenga vijiji. Mwaka 2000 Janice Britton-Davidian na wenzake walitangaza kwamba humo mna makundi sita ya panya, kila moja na miungano yake, yenye kromosomu kati ya 22 na 30. Karne chache tu zimetosha kuleta tofauti hizo! Mazingira hayakuwalazimisha kubadilika. Kutengwa kwa vikundi vidogo kulitosha kuufanya muungano uliozuka kwa bahati uenee kwa wote.

Bahati, hata hivyo, husaidiwa. Jike anapotengeneza yai, nusu ya kromosomu hubaki ndani yake na nusu hutupwa. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sentromea zenye nguvu zaidi hubaki kwenye yai mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Sentromea ya kromosomu iliyoungana ikiwa ndiyo yenye nguvu, muungano huenea hata kama hauna faida yoyote kwa panya.

Barani Afrika yuko jamaa yake, Mus minutoides, panya mdogo mno mwenye kromosomu kati ya 18 na 36. Kwake hata kromosomu za jinsia huungana na nyingine, jambo ambalo kwa wanyama wanyonyeshao ni nadra.

Binadamu naye hakuachwa. Takriban mtu mmoja katika kila 1,000 ana muungano wa Robertson, hivyo ana kromosomu 45 badala ya 46. Wengi wao ni wazima na hawajui. Lakini mimba zinaweza kuharibika mara kwa mara, na muungano unaohusisha namba 21 unaweza kumletea mtoto ugonjwa wa Down. Ndiyo maana wenzi waliopoteza mimba mara kadhaa wanapaswa kupimwa kromosomu, mke na mume pia, kwa sababu muungano unaweza kutoka kwa yeyote kati yao.