ANGA NAYO INA MIPAKA YAKE



Mtu akisimama juu ya kilima cha Nyarutarama, mjini Kigali, hakai muda mrefu kabla ya kusikia mngurumo wa ndege. Kiwanja cha Kanombe kiko kusini-mashariki, kilomita chache tu. Wengi wetu tukitazama juu twadhani anga ni shamba lisilo na ua wala mlango. Sivyo. Anga imegawanywa kama kiwanda: ziko sehemu za kila mtu, na ziko sehemu zisizoingiwa bila ruhusa.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limepanga madaraja saba, kuanzia A hadi G. Katika A huruka tu wale wanaoongozwa na vyombo vya ndani ya ndege. Katika B, C na D, hata mwanafunzi anayeruka kwa kutazama kwa macho aweza kuingia, lakini kwanza aombe ruhusa kwa waongoza ndege. Katika E haombi. F na G si anga ya kuongozwa. Lakini tuangalie jambo moja: katika D, mwanafunzi huyo hupewa habari za ndege nyingine, ila kazi ya kuziona na kuzikwepa ni yake mwenyewe.

Ndiyo maana sheria ya kuruka kwa macho ni kali. Chini ya futi 10,000, katika anga ya kuongozwa, rubani lazima aone mbele kilomita 5, awe mbali na wingu mita 1,500 kwa upande, na futi 1,000 juu au chini yake. Juu ya mji, asishuke chini ya futi 1,000 kutoka kitu kirefu kuliko vyote katika mita 600 za kumzunguka.

Kigali ina mtihani wake. Kanombe iko karibu futi 4,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa nguvu. Mwanafunzi akisoma futi 6,000 kwenye saa ya kimo asijipongeze: kilele cha Mlima Kigali kimempita kidogo. Na masika yakiingia, mawingu hulalia vilima.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Tarehe 5 Machi 2024, jijini Nairobi, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na ndege ya abiria aina ya Dash 8. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Ndege ya abiria, yenye watu 44, ilirudi salama.

Tusiwasahau waongoza ndege, wafanyakazi wenzetu. Agosti 1981, huko Marekani, wapatao 13,000 waligoma wakidai saa pungufu za kazi na mishahara bora. Rais Reagan aliwafukuza zaidi ya 11,000. Lakini kufukuza mtu hakuondoi uchovu. Mwongoza ndege aliyechoka ni hatari kwa kila aliye angani.

Sisi tunaosimama mbele ya mashine twalijua jambo hili. Kinga ya mashine huonekana kero mpaka siku mkono unapookoka. Basi mwana wetu akitaka urubani tumtie moyo, na tumwambie mapema: wingu likifunga njia, kurudi kiwanjani si woga. Ni kazi iliyofanywa sawasawa.