Taa ya Manjano Kwenye Sanduku la Kengele ya Moto

Wengi wetu tuna watoto katika shule za bweni, na wengine wako katika kamati za wazazi. Mwaka 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto wa bweni huko Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 wakafa wengine 21 huko Endarasha, Nyeri. Basi kikundi kikiombwa mchango wa kununua kengele ya moto, ni vizuri kujua jinsi chombo hicho kinavyosema kuwa kimeharibika.

Kwenye dari za bweni huwekwa vitambuzi vya moshi. Ofisini, au kwa askari wa lango, kuna sanduku la chuma linalovisimamia vyote. Taa ya kijani maana yake stima iko. Nyekundu ni moto. Ya manjano, ambayo huandikwa FAULT kwa Kiingereza, ni hitilafu.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Taa ya manjano haisemi kwamba hakuna moto. Inasema, "Kuna mahali sioni." Sanduku hulia pii-pii kwa sauti ndogo, lakini ving'ora vya bwenini havilii. Mtu anabonyeza kitufe cha kunyamazisha, sauti inakwisha, kila mmoja anarudi kazini. Taa imebaki inawaka, na bweni halina mlinzi.

Sanduku linajuaje? Twende pole pole. Katika mitambo ya kawaida, waya mbili hutoka kwenye sanduku na kupitia kila kitambuzi cha bweni. Mwisho kabisa wa waya hizo fundi hufunga kidude kidogo kinachoitwa rezista. Sanduku hupitisha stima kidogo sana usiku na mchana, inafika kwenye rezista na kurudi. Ikirudi kwa kiasi kile kile, sanduku linatulia. Panya akikata waya, au mtoto akichomoa kitambuzi, stima hairudi: manjano. Kitambuzi kikinusa moshi, stima inayopita huongezeka: nyekundu, na ving'ora vinalia.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna mafundi wa njia ya mkato. Taa ya manjano ikiwasumbua, wanatoa rezista kule mwisho wa bweni na kuifunga ndani ya sanduku lenyewe. Stima inazunguka hapo hapo, sanduku linadhani waya zote ni nzima, taa inazimika, na bursa analipa. Kumbe waya za bweni zinaweza kukatwa zote na sanduku lisijue lolote!

Kumpima fundi wa namna hii si kazi ngumu. Siku ya kupokea kazi, mwambieni achomoe kitambuzi cha mwisho kabisa bwenini mbele yenu, na mmoja wenu asimame kwenye sanduku na saa. Kanuni ya Ulaya, EN 54, inataka hitilafu ionyeshwe ndani ya sekunde 100. Manjano isipowaka, msilipe.

Mitambo ya bei ya juu humpa kila kitambuzi namba. Sanduku huita namba moja moja bila kuchoka, kama mwalimu na rejista. Asiyeitika, namba yake inatokea kwenye kioo. Lakini namba tupu haisaidii kitu usiku wa manane, kwa hiyo ramani ya bweni ibandikwe kando ya sanduku.

Manjano huwaka pia stima ikipotea. Hapo kengele hutegemea betri, mara nyingi mbili za volti 12. Stima ikirudi na taa ibaki, angalieni betri: zimechoka, au zimechukuliwa na mtu wa kuchaji redio.

Kengele haifungui mlango, hilo tusisahau. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu wa 2008 unakataa vyuma kwenye madirisha ya bweni.

Mkitembelea shule, ombeni daftari la kengele. Kila hitilafu iandikwe tarehe, bweni, fundi aliyeitwa na siku taa ilipozimika. Mkikuta taa inawaka na daftari halina neno, muulizeni mwalimu mkuu hapo hapo ni watoto wangapi wanalala katika bweni hilo usiku wa leo, na nani atakesha nao mpaka fundi afike.