WARANTI YA LAPTOPU: ULIZA KABLA HUJALIPA

Wafanyabiashara wenzangu, laptopu ya steshenari yangu hapa Kongwa iliungua umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu. Nikapanda basi hadi Dar nilikoinunua, nikijua nina waranti ya mwaka mmoja. Jibu: "Umeme haumo." Nauli imeenda, na kazi za wateja zimelala.

Elewa hivi: waranti ya kawaida inahusu kosa la kiwandani. Kuanguka, kumwagikiwa chai au kuungua na umeme ni juu yako. Ya mtumba huwa inategemea garantii ya duka tu, hivyo iandikwe kwenye risiti.

Ukishawishiwa kununua waranti ya nyongeza, uliza:

1. Inaanza leo, au ile ya kwanza ikiisha?
2. Ajali na umeme vimo?
3. Fundi yuko Dodoma au Dar? Nauli ya nani?

Kama inarudia yaleyale ya kiwandani, mimi hela hiyo nanunua stabilaiza, inayobaki naweka akiba ya fundi. Kama ajali na umeme vimo, na laptopu ndiyo inakulisha, piga hesabu, inaweza kulipa.

Na usitoke dukani bila risiti ya EFD. Bila risiti, utathibitishaje umenunua lini?