Je, Wajua? Maji Safi Huweza Kuingia Sumu Njiani

Risasi iliyomo katika maji ya bomba kwa kawaida haitoki mtoni wala kisimani. Huyeyuka kidogo kidogo kutoka mabomba ya zamani yanayofikisha maji nyumbani. Nchini Marekani, kanuni ya 1991 ilizitaka mamlaka za maji zichukue hatua iwapo zaidi ya asilimia 10 ya sampuli zina risasi kupita mikrogramu 15 kwa lita. Oktoba 2024, kanuni mpya ilishusha kiwango hicho hadi 10 na kuagiza mabomba ya risasi yang'olewe, mengi ndani ya miaka 10. Mji wa Madison, Wisconsin, haukusubiri: ulianza 2001, ukamaliza 2012. Kumbuka, kuchemsha maji hakuondoi risasi, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.