Kuchagua Kiungo cha Juu cha Haidroliki kwa Trekta Dogo

Zana inayofungwa nyuma ya trekta hushikwa mahali patatu. Mikono miwili ya chini hubeba uzito na kuvuta, na kiungo cha juu huizuia zana isilale nyuma wala kujikunja mbele. Urefu wa kiungo hicho ndio unaoamua zana ikae kwa pembe gani ardhini. Kwenye matrekta mengi madogo ni bomba lenye hesi pande mbili, moja ya kulia na nyingine ya kushoto, linalorefuka au kufupika likizungushwa kwa mkono. Kiungo cha haidroliki huweka silinda mahali pa bomba, na dereva hubadili pembe akiwa kitini, kazi ikiendelea.

Mpangilio huu wa pointi tatu ulienezwa na Harry Ferguson, mhandisi wa Ireland. Uliwafikia wakulima wengi kupitia trekta la Ford 9N la mwaka 1939, kisha Ferguson TE20 lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Ferguson alitumia tabia moja ya kiungo cha juu ambayo mnunuzi wa silinda naye hana budi kuijua. Plau inapokata udongo, kiungo husukumwa kuelekea trekta. Plau hiyohiyo ikinyanyuliwa, kiungo huvutwa. Ferguson aliufanya msukumo huo kuwa ishara ya kuipandisha plau udongo unapokuwa mgumu. Kwa silinda, maana yake ni kwamba lazima itoe na kuhimili nguvu pande zote mbili, hivyo huwa na matundu mawili ya oili na mipira miwili.

Si kila zana inastahili gharama hiyo. Rotaveta ikishawekwa sawa hukaa hivyo siku nzima. Faida huonekana kwenye bledi ya kuchonga barabara na zaidi kwenye kisanduku cha kusawazishia udongo, ambacho pembe yake hubadilika kila mita chache: kiungo kikifupishwa, meno ya mbele huchimba, kikirefushwa, bledi ya nyuma hulainisha. Kwenye zana za daraja la kwanza, kimo kutoka pini za chini hadi pini ya juu ni milimita 460. Badiliko la milimita 25 tu kwenye kiungo huizungusha zana kwa digrii 3 hivi, na bledi iliyo milimita 900 nyuma ya pini za chini hupanda au kushuka karibu sentimita 5. Mwendo mdogo huzaa matokeo makubwa, na jambo hili litarudi kwenye suala la kasi.

Wauzaji hupenda kutaja tani. Kipimo cha kwanza, hata hivyo, ni urefu, na wanunuzi wengi hukosea hapo. Silinda hupimwa kutoka kitovu cha pini hadi kitovu cha pini, ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguka kabisa. Tofauti ya vipimo hivyo ni mwendo wa pistoni. Kanuni moja haiepukiki: silinda iliyofungwa haiwezi kuwa fupi kuliko mwendo wake pamoja na nafasi ya pistoni, sili na vichwa viwili, nafasi ambayo kwa kawaida hupita sentimita 20. Anayetaka mwendo mrefu sana hupata silinda ndefu mno hata ikifungwa, na zana hulala nyuma isiweze kuinamishwa mbele.

Njia ya uhakika ni kufunga kila zana iliyopo kwa kiungo cha kawaida, trekta likiwa mahali tambarare, kisha kuandika urefu mfupi na mrefu kabisa unaohitajika. Tuseme ufupi ni milimita 500 na urefu ni 640. Silinda inayofungwa kwa 480 na kufunguka hadi 680 itatosha na kubakiza kidogo kila upande. Vipimo vichukuliwe zana ikiwa chini na ikiwa juu, kwa sababu pembe hubadilika mikono inapopanda. Zana ambayo haikugusa kitu ilipokuwa chini inaweza kugonga tairi au kibanda cha dereva ikinyanyuliwa kiungo kikiwa kimefupishwa. Zana inayoendeshwa kwa shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa shafti ikipinda kupita kiasi maungio yake huharibika.

Pini hazina mjadala. Daraja la kwanza hutumia pini ya juu ya milimita 19 na la pili ya milimita 25. Pini ya 19 kwenye tundu la 25 hugonga mpaka tundu likawa yai. Bushi ya bei ndogo huziba pengo hilo.

Sasa tani. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, kwa shinikizo la bar 170, husukuma kwa takriban tani 3.4. Ikivuta, fito ya milimita 25 hula sehemu ya eneo la pistoni, na nguvu hushuka hadi tani 2.5. Zana ya kilo 300 ambayo kitovu cha uzito wake kiko milimita 610 nyuma ya pini za chini huivuta silinda kwa kilo 400 hivi. Hata mtikisiko wa barabarani ukiuzidisha mzigo huo mara tatu, silinda bado ina akiba. Kwa trekta dogo, basi, kipenyo cha 50 kina nguvu ya kutosha.

Sababu ya kufikiria kipenyo cha 63 ni kasi. Pampu ikipeleka lita 20 kwa dakika, silinda ya 50 yenye mwendo wa milimita 200 hufunguka yote kwa sekunde 1.2. Zile milimita 25 huisha kwa sekunde 0.15, kabla dereva hajarudisha mkono wa valvu. Silinda ya 63 huchukua karibu sekunde 1.9. Hiyo nayo ni haraka, kwa hiyo dawa hasa ni kizuizi chenye tundu dogo kwenye njia ya oili. Bila hicho, kazi ya kusawazisha hugeuka kuwa kuchimba mashimo na kuyafukia.

Kitu ambacho hakifai kuachwa ni valvu ya kufuli. Valvu ya trekta huvujisha oili kidogo kwa ndani, na silinda inayotegemea valvu hiyo peke yake hujisogeza polepole pembe ikapotea. Kufuli hufungua njia pale tu shinikizo linapokuja upande wa pili. Kwa kuwa kiungo husukumwa na kuvutwa, kufuli liwe la pande zote mbili, tena likae kwenye silinda yenyewe ili mpira ukipasuka zana isianguke. Lina masharti yake. Oili iliyofungiwa hailindwi tena na valvu ya usalama ya trekta: kisiki kikiisukuma silinda ya 50 kwa tani 5, shinikizo ndani hupita bar 245. Silinda ichaguliwe kwa kiwango chake cha shinikizo, si kwa shinikizo la pampu. Vilevile, kufuli huondoa uhuru wa kuelea, na mashine ya kukata nyasi inayopaswa kufuata mawimbi ya ardhi itahitaji mnyororo au tundu refu kwenye mlingoti wake.

Mwisho ni oili itatoka wapi. Matrekta madogo mengi hayana soketi za haidroliki nyuma. Valvu ikiongezwa kwenye mfumo ambao oili huzunguka muda wote, iwe na njia ya kuipeleka oili mbele, la sivyo mikono ya kunyanyulia hukosa nguvu. Mipira ipimwe zana ikiwa juu na ikiwa chini, isibanwe wala kusuguana na shafti. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kidole: oili inayochomoka kwenye tundu la sindano hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji upasuaji ndani ya saa chache.