Rubani wa majuu: Mshahara mnono, lakini nyumba ni ya bosi

Kila Krismasi tukikutana kwa nyanya, binamu yangu huulizwa swali lile lile kabla hata hajaweka begi chini: "Na huko Dubai mnalipwa ngapi?" Yeye hucheka tu. Mimi pia hucheka, lakini kwa sababu zangu.

Binamu ni rubani wa ndege kubwa za abiria huko Ghuba. Jina la shirika tuliache. Mtaani kwetu Umoja, yeye ndiye mfano ambao wazazi huwapa watoto: soma utakuwa kama yule. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili ni mfano pia, ule wa kuwatishia. Wasichojua ni kwamba stori zetu mbili zimefungwa kwa kamba moja.

Wacha nianzie Wilson, maana yeye pia alianzia huko. Leseni ya rubani wa kibiashara inataka karibu saa 200 angani, na kila saa unailipia: ndege, mafuta, mwalimu. Ukijumlisha ni mamilioni. Shangazi aliuza ploti Kitengela, haikutosha. Akachukua mkopo wa sacco, na baba yangu akatia sahihi kama mdhamini.

Leseni ikapatikana, lakini kazi ikawa noma. Mashirika makubwa hutaka mtu mwenye saa nyingi. Leseni ya juu kabisa, ile inayokuruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa, inadai saa 1,500. Kwa hivyo alisota miaka kadhaa na Cessna Caravan, akipeleka watalii Maasai Mara na kutua kwenye viwanja vya murram ambako kwanza lazima wanyama wafukuzwe. Baadaye akapata ndege kubwa zaidi hapa nyumbani. Halafu Ghuba ikaita.

Si uongo, pesa iko. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na kampuni inakupa nyumba na kukusaidia karo ya watoto. Tena dirham imefungwa kwa dola, kwa hivyo shilingi yetu ikiyumba, wewe unachekelea. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipokaribia Sh160, pesa ile ile aliyokuwa akituma ilionekana kama imenona.

Lakini hebu tuongee kuhusu upande ambao haupostiwi. Ratiba ndiyo inayoamua utalala lini. Dubai hadi Los Angeles ni karibu saa 16 hewani. Unafika, unafunga mapazia mchana, unajilazimisha kulala, kisha unarudi. "Nimeona hoteli za dunia nzima," aliniambia siku moja, "lakini dunia yenyewe sijaiona." Nyanya alipozikwa, alifuatilia mazishi kwenye simu akiwa hotelini Houston. Mtandao ulikatika jeneza likishushwa.

Na kazi yenyewe hukaguliwa kila mara. Kila baada ya miezi sita unaingia kwenye simuleta, wanakuzimia injini na kukuwashia moto wa kuigiza, waone kama bado unaweza. Kila mwaka daktari anakupima. Moyo ukileta shida, kazi inasimama hapo hapo, haijalishi una mkopo au watoto wangapi.

Kisha ikaja Machi 2020. Corona ikafunga anga. Mashirika ya Ghuba yakaanza kupunguza watu, na binamu akapata barua yake. Hapo ndipo alipoelewa maana ya kuwa mgeni. Viza yake ilikuwa ya kazi. Nyumba ilikuwa ya kazi. Shule ya binti yake ilikuwa ya kazi. Barua moja ikafuta vyote, na kwa kawaida wakati huo ulikuwa na siku 30 tu za kufunga virago baada ya viza kufutwa. Rubani wa Kenya akisimamishwa hapa Nairobi, angalau analala kwake. Yeye alikuwa anapoteza kazi na makao kwa mpigo mmoja.

Alirudi na masanduku sita, akaanza kusambaza mayai Umoja na Probox ya kukodi. Kapteni mzima, trei mkononi. Hakuna aliyemcheka usoni.

Mkopo wa sacco nao haukujua kuna corona. Shangazi alikuwa akiulipa kwa pesa ya binamu, na pesa ilikuwa imekauka. Sacco ikageukia wadhamini. Akiba ya baba ikakatwa, na hiyo akiba ndiyo iliyokuwa karo yangu. Ndivyo nilivyotoka chuoni. Wanaoniita mvivu wa vitabu sasa mmejua.

Nilimkasirikia? Sana. Mwaka mzima sikula mayai yake. Lakini hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa tumepanga maisha ya familia nzima juu ya kandarasi ya mtu mmoja katika nchi isiyo yetu.

Mwaka wa 2022 ndege zilipojaa tena, shirika lingine la huko huko Ghuba likamwita. Akaenda. Safari hii anaishi tofauti, na kama wewe una ndoto hiyo, haya ndiyo anayoniambia.

Pimwa afya ya rubani kabla ya kulipa hata shilingi ya karo. Wengine hugundua shida ya macho wakiwa wameshauza shamba. Soma kandarasi yote, hasa kipengele cha bondi ya mafunzo, kwa sababu ukitoka mapema unaweza kudaiwa gharama hiyo. Usiache leseni yako ya Kenya ife. Weka akiba ya miezi sita hapa nyumbani, si kule. Na usimpe mtu kalamu atie sahihi ya udhamini bila kumwambia ukweli wote.

Mwaka jana alimaliza kumrudishia baba pesa yake. Kisha akanipigia: "Bro, sasa nilipie karo yako urudi chuo?"

Nilimwambia nitafikiria. Nilitaka kwanza kumuuliza kitu kimoja: hiyo karo inatoka kwa mshahara wa mwezi huu, ama iko tayari kwa benki?

"Iko kwa benki ya hapa Nairobi," akasema. "Yote."

Basi Septemba naripoti.